Chembe sahani zikishuka, mwili huzirudishaje?

Karatasi ya majibu ya damu ina mistari mingi, lakini mgonjwa akiwa na dengue macho ya ndugu wote huishia kwenye mmoja: PLT. Jana ilisomeka 90, leo 38. Dar es Salaam iliyapitia haya kwenye milipuko ya 2014 na 2019.

PLT ni chembe sahani, vipande vidogo vya seli vinavyoziba mshipa wa damu unapotoboka. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Mashine huandika kwa maelfu, ndiyo maana unaona 150 hadi 450.

Chembe hizi hazizaani, kwa sababu hazina kiini. Kila moja huishi siku 7 hadi 10, kisha wengu na ini huiondoa. Kwa hiyo hata usipougua, mwili wako hutengeneza mpya zipatazo bilioni 100 kila siku. Kazi hiyo hufanyika kwenye uboho, ndani ya mifupa, ambako kuna seli kubwa mno iitwayo megakariosaiti. Seli hii hunakili vinasaba vyake mara kadhaa bila kugawanyika, inavimba, halafu inachomoza mikono myembamba hadi ndani ya mishipa midogo. Damu inayopita huimega mikono hiyo vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo chembe sahani. Megakariosaiti moja hutoa maelfu.

Sasa uboho unajuaje kwamba zimepungua? Mimi hapa hustaajabu kila ninapopafikiria. Ini hutoa homoni, thrombopoietini, kila siku bila kukatika. Chembe sahani zenyewe huinasa na kuimeza. Zikiwa nyingi, kinachoufikia uboho ni kidogo. Zikiwa chache, homoni inakosa wa kuimeza, inajaa kwenye damu, na uboho unaongeza kasi. Yaani mabaki ndiyo ujumbe.

Ila megakariosaiti huhitaji siku kama 5 kukomaa, na familia nyingi huteseka katika siku hizo. Kwenye dengue, chembe hushuka zaidi karibu na wakati homa inapotulia, kisha hupanda zenyewe ndani ya siku chache. Wengi huamini juisi ya majani ya mpapai ndiyo huzipandisha. Lakini aliyeinywa siku ya 5 ya ugonjwa, PLT ikapanda siku ya 7, uboho wake ulikuwa umeshaanza kazi kabla ya kikombe kile.

Kinachomsaidia mgonjwa ni maji ya kutosha, parasetamoli kwa homa, na kuangaliwa kwa karibu hasa homa inaposhuka: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu au kulegea ghafla, arudi hospitali saa hiyo hiyo. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni asipewe. Aspirini hulemaza chembe sahani kwa maisha yote ya chembe hiyo, na mgonjwa hana akiba ya kupoteza.

Tiba ya saratani ni jambo jingine. Dawa huupiga uboho wenyewe, hivyo ujumbe unafika lakini waitikiaji ni wachache, na kupona huchukua wiki kadhaa.

Baadhi ya maabara hupima pia chembe changa, ambazo kwa kawaida ni kubwa kuliko kongwe. Fungu lao likiongezeka, daktari anajua uboho umeitika, hata kama PLT bado inasoma 38.