Kukaza springi hakuifanyi kuwa ngumu

Jumamosi nilikuwa Gerezani, Kariakoo, natafuta sili ya shokapu ya nyuma. Kando yangu kijana mmoja alikuwa anachagua shokapu za pikipiki anayotaka kuanza kuipeleka porini. Muuzaji akamwambia, "Chukua hizi, shokapu ngumu. Fundi akikukazia mpaka mwisho, hata mchanga wa Kimbiji unapita." Kijana akalipa. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila nikiyasikia najua kuna mgongo utakaoumia.

Kwa kifupi, kile tunachokiita shokapu ni vitu viwili vilivyovalishwa pamoja. Springi ya nje hubeba uzito. Silinda ya ndani, yenye oili na pistoni, huituliza springi isiendelee kurukaruka. Hiyo silinda ndiyo shokapu hasa.

Mkanganyiko umeanzia kwenye jina. Shokapu tumeikata kutoka kwa Waingereza, shock absorber, yaani kinyonya mshtuko. Jina hilo lilikuwa limeshapinda kabla halijatufikia, maana gurudumu likigonga jiwe, springi ndiyo inayojikunja na kuupokea mshtuko. Waingereza wenyewe wakitaka kusema kwa usahihi huiita silinda ile damper, kitulizo.

Upande wa springi, Kiswahili kina neno zuri ambalo gereji zetu zimelisahau: kamani. Limo kwenye kamusi, na waliowahi kutumia saa za kutia ufunguo wanalijua. Limetujia kutoka Kihindi na Kiajemi, na kwa Kiajemi kamān ni upinde. Mimi sijaona maelezo bora ya springi kuliko hayo. Upinde haumezi nguvu ya mkono wako. Unaiweka, halafu unaiachia karibu yote iende na mshale. Springi nayo ikikunjwa na jiwe huiweka nguvu ile, na isipokuwepo shokapu, mshale ni wewe. Shokapu huilazimisha oili ipenye vitundu vidogo kwenye pistoni, na ule mwendo unageuka joto. Ukitoka kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, sogeza kiganja karibu na shokapu uone ilivyochemka. Ndiyo maana shokapu iliyovuja oili tunasema imekufa, ingawa springi yake bado nzima: ukibonyeza siti, pikipiki inanesa mara tatu, nne, kabla ya kutulia.

Sasa hilo neno "kukaza". Pete au nati iliyo kwenye shokapu, fundi anapoizungusha, huibana springi kabla hujapanda. Haigusi ugumu wake. Ugumu wa springi umo kwenye unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko, na hakuna spana inayobadilisha hivyo. Robert Hooke alilichapisha jambo hili mwaka 1678: springi hujikunja kwa kadiri ya nguvu inayoibana. Chukua springi inayotaka kilo 5 kwa kila milimita. Ibane milimita 10 kwa nati. Haitaanza kujikunja mpaka mzigo ulioifikia uzidi kilo 50, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, maana ukikaa unaihisi ngumu. Ila ikishaanza, kila milimita ni kilo 5 zilezile.

Najua mazoea haya yametoka wapi, na siwalaumu walioyaleta. Yametoka kijiweni. Bodaboda anayebeba mshikaki, au gunia la mkaa kutoka Kisarawe, matako ya pikipiki yake yanashuka, na akikaza springi inainuka, inarudi kimo chake. Hiyo ni kazi halali ya kukaza: kurudisha kimo mzigo unapoongezeka. Lakini anayekwenda Kimbiji au milima ya Pugu yuko peke yake na begi la maji. Akikaza mpaka mwisho, nyuma inasimama juu kabisa, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka. Likifika kwenye shimo linaning'inia hewani badala ya kulifuata, na kwenye tuta siti inampiga teke.

Pikipiki inapaswa kubonyea ukiikalia. Pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama moja kwenye mkia, gurudumu likiwa limenyanyuliwa. Kaa juu umevaa viatu vyako vya safari, mwenzako apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Pikipiki za motokrosi, zile za mashindano ya kwenye vumbi na matuta, zenye mwendo wa milimita 300 hivi hubonyea kama milimita 100. Kisha shuka, uache pikipiki isimame kwa uzito wake tu, upime mara ya tatu. Kipimo hiki ndicho kinachosema ukweli, na kinasema kinyume na unavyodhani. Kama ukikaa kinatoka sawa lakini pikipiki ikiwa peke yake haibonyei hata kidogo, springi yako ni laini mno kwa uzito wako, na umeificha kwa kuikaza. Dawa ni springi nyingine.

Na "shokapu ngumu" ni jambo la tatu kabisa. Ni oili inayopita taratibu, shokapu inapobonyea au inaporudi. Ikirudi polepole kupita kiasi, kwenye makorongo yanayofuatana gurudumu haliwahi kushuka kabla ya korongo linalofuata, na nyuma inazidi kuzama mpaka unahisi umekalia ubao. Mtu atakwambia kaza springi. Springi haina kosa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Gerezani, ukifika kwa fundi usimwambie "nikazie shokapu". Mwambie uzito wako, mwambie unapita wapi, umwombe apime ukiwa juu. Na wewe kaka muuzaji, najua hukumdanganya kwa makusudi. Mteja mwingine akija, kabla hujanyanyua mkono kwenye shelfu, muulize kwanza ana kilo ngapi.