Elizabeth Catlett na gogo lisilo na mgongo

Kuna kazi moja ya Elizabeth Catlett, mchongaji Mweusi wa Marekani, ambayo kila anayejifunza kuchonga pale Mwenge, soko la vinyago la Dar es Salaam, angeizunguka kwa macho, hata kama ni kwenye picha za simu. Inaitwa Black Unity, ya mwaka 1968, imechongwa kwa mwerezi, kimo chake ni kama nusu mita, na leo ipo makumbusho ya Crystal Bridges, jimbo la Arkansas, Marekani. Upande mmoja unaona nyuso mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, tulivu, macho na pua vimepunguzwa mpaka vimebaki bapa chache na mistari. Pita upande wa pili, nyuso hazipo tena: mbao yote imekuwa ngumi moja iliyokunjwa.

Wanaoandika juu yake husema alichota kutoka vinyago vya Afrika, kisha wanaendelea na mengine. Mimi naona kauli hiyo inaacha jambo kubwa zaidi. Kunakili sura ya kinyago ni kazi ya siku chache. Catlett alichukua namna ya kufikiri ya mchongaji wa Kiafrika: gogo ni moja, halina mgongo wa kuficha, na kila bapa lina kazi yake. Ndiyo maana mchongaji wa ujamaa, anayezungusha watu kuzunguka nguzo moja ya mpingo, angemwelewa bila mkalimani.

Alizaliwa Washington, D.C. tarehe 15 Aprili 1915, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Baba yake, mwalimu wa hisabati, alifariki kabla hajazaliwa. Chuo cha Carnegie, Pittsburgh, kilimkatalia nafasi kilipojua ni Mweusi, akasoma Chuo Kikuu cha Howard. Hapo Howard ndipo alipokuwa akifundisha mwanafalsafa Alain Locke, ambaye tangu 1925 alikuwa akiwahimiza wasanii Weusi wa Marekani waitazame sanaa ya Afrika, na alichotaka wajifunze humo kwanza ni nidhamu ya ufundi. Ukiwa na hilo kichwani, kazi zote za Catlett zinasomeka vizuri zaidi.

Mwaka 1940 alipata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Iowa. Mwalimu wake Grant Wood alimwambia achonge anachokijua kuliko vyote, naye akachonga mama na mtoto kwa jiwe la chokaa. Kazi hiyo ikashinda zawadi ya kwanza ya uchongaji kwenye maonyesho ya Wamarekani Weusi, Chicago, mwaka huohuo. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dillard, New Orleans, ambako bustani lilipokuwa jumba la makumbusho la mji ilikuwa marufuku kwa Weusi. Aliwapeleka wanafunzi wake kuona maonyesho ya Picasso siku ambayo jumba limefungwa kwa umma, basi likawashusha mlangoni. Mwaka 1943 alisoma kwa mchongaji Ossip Zadkine mjini New York.

Mwaka 1946 alikwenda Mexico kwa ufadhili wa mfuko wa Rosenwald, na huko ndiko maisha yake yalikohamia. Alijiunga na karakana ya wachapaji ya Taller de Gráfica Popular, akachonga picha 15 za linoleamu kuhusu wanawake Weusi. Msidharau hizo picha kwa kuwa hazisimami. Kwenye linoleamu kila unachoondoa kinakuwa mwanga na kila unachobakiza kinakuwa giza, hakuna kurudisha. Miaka ya mazoezi hayo inaonekana kwenye jinsi kivuli kinavyokatika chini ya paji la nyuso zake za mbao. Kwa mchongaji Francisco Zúñiga alijifunza kujenga sanamu za udongo zenye uvungu kwa kuzungusha kamba za udongo, mbinu ya kale ya Mexico, na kwa José L. Ruiz akajifunza mbao. Kuanzia 1958 hadi 1975 alifundisha uchongaji Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico, akiwa mwanamke wa kwanza kushika uprofesa huo. Alichukua uraia wa Mexico mwaka 1962, na serikali ya Marekani, iliyochukia siasa zake, ikamfungia mlango wa kurudi; mwaka 1971 ndipo alipopewa viza kuhudhuria maonyesho yake Harlem, New York. Alifariki Cuernavaca mwaka 2012 akiwa na miaka 96.

Sasa mbao. Cedro ya Mexico (Cedrela odorata), yaani mwerezi wa kule, haina undugu na mwerezi wetu wa milimani. Ukoo wake ni wa mkangazi: nyepesi, chini ya nusu ya uzito wa mpingo, na shina lake hunenepa. Mpingo unazama majini, unakua polepole, na shina lake mara nyingi ni jembamba, limepinda na lina mifereji. Vinyago vyetu vya ujamaa ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo kabla ya sababu nyingine yoyote. Gogo la mpingo la kutoshea nyuso mbili ubavu kwa ubavu kwa kimo cha nusu mita hulipati. Anayetaka kujaribu umbo la namna ile Dar es Salaam atumie mkangazi au mninga. Mimi napendelea mninga: ukikauka hausinyai sana, haupindi, na unashika ncha kali ya patasi.

Kazi yake nyingine ya 1968, Homage to My Young Black Sisters, inafundisha kuhusu nyuzi za mbao. Ni mwanamke aliyesimama, kichwa kimeelekea juu, ngumi imeinuliwa wima, na tumboni kuna uwazi. Mkono ulioinuliwa wima kwenye gogo lililosimama unapanda pamoja na nyuzi, hivyo unabeba. Mkono huohuo ukiunyoosha kwa ubavu, nyuzi zinakatika kila sentimita chache, na utavunjika siku mtu atakapoushika kukibeba kinyago. Uwazi wa tumboni nao una faida ya kiufundi: sehemu nene ya mbao ikipunguzwa katikati, inakauka kwa usawa na nje, na nyufa zinapungua.

Kwa zoezi la pande mbili kama Black Unity, tafuta mninga wa kimo sm 30, upana sm 24 na kina sm 18. Uzito wake ukiwa mkavu ni kama kilo 8; ukizidi sana hapo, bado una maji. Pima kwa mzani kila wiki, ukikaa kivulini, ncha zake mbili zikiwa zimepakwa nta au rangi ili zisikauke haraka kuliko ubavu. Uzito usiposhuka kwa wiki mbili mfululizo, anza. Moyo wa mti usiwemo kabisa ndani ya kipande, maana ufa mkubwa huanzia hapo. Usipopata kipande kizima, nunua Keko au Buguruni vibao vitatu vya unene wa sm 6, vya mzigo mmoja, uviunganishe kwa gundi nyeupe na klempu kwa saa 24, nyuzi zote zikielekea upande mmoja. Vibao vya mizigo tofauti hukauka tofauti, na kiungo kitaachia baada ya miezi michache.

Chora mstari wa katikati pande zote sita na uurudie kila unapofutika. Bakiza sm 5 za kitako. Kwenye kina, gawa sm 10 za nyuso na sm 8 za ngumi. Msumeno uishie sm 1 kabla ya mstari, kisha ng'oa vipande vikubwa kwa tezo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanamaliza nyuso kwanza kwa sababu zinapendeza, halafu ngumi inabanwa kwenye kilichobaki. Zungusha kazi. Ukitoa sm 1 huku, toa sm 1 kule.

Uso mmoja ni paji, mashavu mawili, mgongo wa pua na kidevu. Bapa tano. Kabla hayajakaa sawasawa usiguse jicho, maana jicho linakudanganya kuwa uso umeisha. Zima taa, washa tochi ya simu na uilaze ubavuni mwa kazi: kila bapa linapaswa kuwa na ukingo mmoja wa kivuli ulio wazi. Kivuli kikiyumba, bapa lina uvimbe. Macho ya Catlett yanakuja mwisho kabisa na yanafanya kazi ndogo, na ndiyo sababu nyuso zake zina utulivu ule. Lipiko, kinyago cha Kimakonde cha kuvaliwa kichwani, chenye masikio, meno, na nywele halisi za mtu, lina maelezo mengi zaidi ya hayo, ila bapa zake ukizitafuta chini ya hayo yote utazikuta imara vilevile.

Ngumi ni ngumu kuliko nyuso. Kosa la kila mara ni vidole vinne vya unene mmoja vilivyopangwa kama ndizi kwenye chana. Vifundo vinapanda upinde: cha kati kipo juu, cha mwisho kimeshuka na kurudi nyuma. Kidole gumba kinalala nje, juu ya cha shahada na cha kati. Pale mifereji kati ya vidole inapozikata nyuzi, kingo zake zinabanduka kirahisi. Kwa hiyo kata kwanza mstari kwa kisu chembamba, kina mm 3, ndipo uteremshe patasi kutoka kila upande kuelekea kwenye mstari huo. Usichimbe kwa kuinua ncha ya patasi juu. Hapo ndipo kipande kinaporuka na kuondoka na kifundo.

Msasa ni namba 80, 120, 180, kisha 240. Usiruke namba, kwa kuwa mikwaruzo ya 80 haiondolewi na 240, inajificha tu mpaka upake mafuta. Baada ya 240 futa kwa kitambaa chenye maji, acha nyuzi zisimame na kukauka, ndipo upitishe 320. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na koo.

Halafu kuna suala la kiwi nyeusi. Sokoni mbao za kawaida hupakwa kiwi zikauzwa kwa jina la mpingo, na mazoea hayo yamewafanya wengi waamini kinyago lazima kiwe cheusi. Sikubaliani kabisa. Catlett alichonga weusi wa watu wake kwa umbo, kwenye mbao iliyobaki na rangi yake, na hakuna anayekosea kuona nyuso hizo ni za nani. Mninga una kahawia nzuri, uache. Paka mafuta ya linsidi yaliyochanganywa na tapentaini nusu kwa nusu, futa yanayobaki juu baada ya dakika 15, subiri siku moja, rudia mara mbili bila tapentaini, kisha nta ya nyuki kidogo sana kwa kitambaa. Vitambaa vyenye linsidi visikunjwe na kutupwa pembeni: vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye ndoo ya maji.

Mafuta yapakwe na chini ya kitako, mahali pasipoonekana. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na kazi ikihamishiwa ofisi ya Posta, katikati ya mji, yenye kiyoyozi cha kutwa nzima, upande usiopakwa utapoteza maji kwa kasi kuliko mingine na ufa utapanda kutoka hapo hadi kwenye kidevu. Ikibidi ihamie huko, ifungwe kwa magazeti na gunia kwa wiki mbili za mwanzo, ifunguliwe kidogo kila siku chache, na isiwekwe mbele ya mdomo wa kiyoyozi.