Sio kila jicho jeusi ni ngumi

Wiki hii tena. Mama wa miaka 60 na ushee kaja kliniki ya ngozi, kope zote mbili damu imevilia, wameshamuuliza mara tatu nani kampiga na mumewe pale kwenye benchi anaangaliwa kama mwizi wa kuku. Kuuliza ulizeni, wanawake wanapigwa kweli. Kinachonichosha ni akishasema hapana, madaktari wenzangu mnamwandikia vitamini C anaenda zake, wakati inaweza kuwa ugonjwa wa amiloidi.

Muulize ilianzaje bwana! Atakwambia alikohoa usiku kucha, au aliinama kufua, au alijisugua macho tu. Amiloidi ni protini iliyokunjika vibaya, inajazana kwenye kuta za vimishipa mpaka vinakuwa vyepesi kupasuka, presha ikipanda kidogo kichwani damu inavuja, na kwa vile ngozi ya kope ni nyembamba mno ndo inajionyesha hapo. Ukibonyeza haififii. Halafu FBP, kile kipimo cha chembe zote za damu, inarudi safi, chembe sahani zipo za kutosha, watu wanafunga faili, wakati hapo ndo pa kulifungua maana mbovu ni mshipa wenyewe (wengine na faktori X, protini ya kugandisha damu, inashuka, sio wote). Mwambie atoe ulimi, una alama za meno pembeni? Vidole vinakufa ganzi? Mkojo una povu? Basi pima minyororo myepesi, vile vipande vya kingamwili, kwenye damu na mkojo, chota mafuta ya tumboni yapakwe Kongo redi ya kuonyesha amiloidi, rangi ya Wajerumani hiyo, haijatoka Kongo wala nini. Na mafuta yakikosa kitu usishangilie, bado anaweza kuwa nayo.

Ila nyie wagonjwa mnaotishika bure, mwenye weusi wa mistari mistari mgongoni unaowasha, bayopsi, kipimo cha kipande cha ngozi, ikaandika amiloidi ukaanza kuaga ndugu: hiyo mara nyingi ni ya ngozi tu, haiendi kwenye moyo wala figo. Acha kujisugua na dodoki la nailoni.

Sasa niseme ukweli, kwenye ngozi zetu nyeusi hiyo alama ya kope hata mimi inanipiga chenga. Picha za vitabuni ni zambarau juu ya ngozi nyeupe, kwetu inaonekana kama uchovu tu, na wengi wenye ugonjwa huu hawana hata hiyo alama. Kuna mzee nilimpa dawa za aleji miezi mitatu, akarudi miguu imevimba, figo zinavujisha protini. Kope zake nilikuwa nimeziona siku ya kwanza kabisa.

Huyu mama majibu bado. Mumewe nimemwita aingie ndani akae naye.