Mabamba ya Benin kwenye skrini: tazama kazi ya msubuji

Civilisations, mfululizo wa BBC wa mwaka 2018, una vipindi tisa na wasimulizi watatu. Mfululizo wa awali wa BBC, ule wa Kenneth Clark wa 1969, haukutoka sana nje ya Ulaya Magharibi. Huu mpya unafika hadi Benin, ufalme wa zamani katika Nigeria ya leo, kwa msimulizi David Olusoga, na habari ya jeshi la Uingereza kuteka mji ule Februari 1897 inaelezwa. Kinachonikera katika filamu nyingi za sanaa ni kwamba kamera huzunguka kabati la kioo, muziki ukapigwa, na namna kitu kilivyotengenezwa ikapewa nusu dakika.

Tuchukue sanamu ya kichwa cha Oba, yaani mfalme wa Benin. Msubuji, fundi anayemimina metali iliyoyeyushwa, huanza na kiini cha udongo, akakikausha, akakivika nta. Macho, shanga za shingoni, nywele, vyote huchongwa kwenye nta, si kwenye metali. Kisha hupachika vijiti vya nta vitakavyokuwa njia za kuingizia metali na kutolea hewa. Udongo wa kwanza unaopakwa juu yake lazima uwe laini kama uji mwepesi, maana ndio unaoshika kila mstari. Tabaka za nje zaweza kuwa za udongo mzito. Kalibu, yaani gamba hilo la udongo, ikikauka hupashwa moto, nta ikatoka, na metali ikamiminwa kalibu ingali moto.

Hapo ndipo kazi huharibika. Unyevu ukibaki kwenye udongo, hugeuka mvuke na kupasua kalibu. Kalibu ikipoa, metali huganda kabla ya kufika pembeni. Hewa ikikosa pa kutokea, sikio au kidole hakitimii. Na nta ikishatoka, kiini hakina kinachokishikilia, ndiyo maana hupigiliwa misumari ya chuma: kikisogea, upande mmoja unakuwa mnene na mwingine unatoboka.

Metali yenyewe nayo ina tabia zake. Mafundi wa Benin walitumia zaidi shaba iliyochanganywa na zinki na risasi. Sehemu kubwa iliingia kama manila, zile bangili za biashara zilizoletwa na Wareno. Mchanganyiko huo hutiririka vizuri. Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, hutiririka kwa shida na hunyonya gesi. Mafundi wa Ife, mji wa kale wa Wayoruba, walisubu baadhi ya sura zao kwa shaba karibu tupu, na kwa maoni yangu ufundi huo unastahili kipindi kizima.

Ukitazama mabamba, yaani vibao bapa vya metali vyenye picha, simamisha filamu. Matundu ya kingoni ni ya misumari. Yalipigiliwa kwenye nguzo za jumba la Oba. Majani manne manne ya usuli yalichorwa kwenye nta. Mabamba mawili yanayofanana hayakutoka kalibu moja, kwani kila kalibu huvunjwa.

Na mtayarishaji anayeruhusiwa kupiga picha mgongo wa bamba asiiache nafasi hiyo: unene wa metali na viraka huonekana huko, kwa sababu hakuna aliyesumbuka kuusugua kwa tupa.