Delta si mdomo wa mto

Hapa Bukavu utasikia mahali mto Ruzizi unapotoka ziwani Kivu pakiitwa "delta ya Ruzizi", na kule Muanda, mto Kongo unapoingia Atlantiki, "delta ya Kongo". Yote mawili si sawa.

Delta ni nchi iliyojengwa na mto wenyewe: maji yanapoishiwa kasi huangusha mchanga na tope, fungu linakua, na mto unagawanyika kulipita.

Neno lenyewe ni herufi ya nne ya Kigiriki, Δ. Wagiriki wa kale waliona Naili ukigawanyika karibu na ilipo Kairo leo, na ardhi iliyo kati ya matawi yake ikizidi kupanuka hadi baharini, pembe tatu kama herufi hiyo. Waliita delta ile ardhi, si maji.

Ndiyo maana Kongo hauna delta pale Banana, bandari iliyo mlangoni mwake. Tope unalo, lakini chini ya maji kuna korongo refu linaloanzia ndani ya mlango wa mto, nalo humeza mchanga na kuupeleka kilindini. Januari 2020 poromoko la tope lilishuka humo likakata nyaya za intaneti zilizolala chini ya Atlantiki. Pale ni mlango mpana unaoingiwa na bahari, na mikoko yake imehifadhiwa tangu 1992.

Kwa ndege, tofauti hii ni kubwa. Yuko ndege ambaye mdomo wake wa chini umepita wa juu kwa urefu, huruka akiupasua uso wa maji kutafuta samaki. Anataga kwenye fungu tupu la mchanga wakati maji yameshuka. Kiota chake ni kishimo tu. Maji yakipanda ghafla, mayai yanakwenda. Mchanga mpya usipofika, matete yanalifunika fungu naye anakosa pa kutagia. Kwa hiyo delta huweza kuuawa kutoka mbali: bwawa huko juu hushika mchanga, huku mawimbi yakiendelea kuila pwani. Delta ya Rufiji huko Tanzania, yenye mikoko mingi, sasa ina bwawa la Julius Nyerere upande wa juu wa mto.

Ruzizi nao unatoka Kivu bila tope jingi, maana ziwa limeshalituliza. Tope la delta yake hutoka kwenye mito midogo na miteremko ya njiani, mpaka ziwa Tanganyika.

Basi ukiona chupa za plastiki zimejazana kwenye bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza hapa Bukavu, hapo si deltani. Sema "Ruzizi unapotoka", na Muanda sema "mlango wa Kongo". Delta ni ile nchi ya matete huko chini, kati ya Uvira na Bujumbura.