Anayekupiga Anakuona? Maneno ya Kijeshi Kuhusu Mapigo ya Adui

"Kikosi kilishambuliwa kwa risasi." Taarifa za vita huishia hapo, lakini kwa mwanajeshi hiyo ni nusu ya habari. Yeye anataka kwanza kujua kama anayempiga anamwona.

Anayekuona hutumia bunduki, bombomu (bunduki nzito inayofyatua risasi mfululizo) au kifaru: analenga, anafyatua. Hayo ni mapigo ya moja kwa moja, na ukilala kwenye bonde au nyuma ya ukuta mnene yanakupita. Mota, yaani mizinga midogo inayorusha mabomu juu, na mizinga ya masafa marefu ni habari nyingine. Mpigaji yuko nyuma ya kilima, wa mzinga pengine kilomita 20 nyuma, na hakuoni kabisa. Kuna mwenzake, au siku hizi droni, anayemtajia mahali ulipo. Bomu la mota hupanda juu sana kisha likashuka karibu wima, kwa hiyo ukuta uleule hauna msaada. Unahitaji handaki lenye paa.

Sikio nalo hufundishwa. Risasi nyingi za bunduki za kivita hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na sauti husafiri kama mita 340 tu. Ndiyo maana anayepigwa husikia milio miwili: mpasuko mkali risasi inapompita, kisha mdundo mzito kutoka kwenye bunduki yenyewe. Kuruta hugeukia mpasuko, na hapo hukosea. Mdundo ndio unaoonyesha adui aliko. Milio hiyo ikipishana kwa nusu sekunde hivi, yuko kati ya mita 300 na 400.

Kuna pia mapigo ya kukandamiza, ambayo raia wengi huyaona kama kupoteza risasi. Shabaha yake kuu si kuua, ni kumfanya adui ainamishe kichwa wakati wenzako wanasogea. Yakikatika mapema, kazi yote imeharibika. Kule Somme, Ufaransa, mwaka 1916, mizinga ya Waingereza ilipiga kwa siku saba. Tarehe 1 Julai ilipohamishia mapigo mbele, Wajerumani waliokuwa wamejichimbia ardhini walipanda na bombomu zao na kuwakuta askari wa miguu bado uwandani. Waingereza zaidi ya 19,000 walikufa siku hiyo moja. Baadaye mizinga ilizoezwa kusogeza mapigo kidogo kidogo, askari wakifuata nyuma yake kwa karibu.

Neno moja linanikera kila ninaposoma habari: "kurushiana risasi." Kiambishi hicho cha -ana kina kazi yake, kinadai pande zote mbili zimefyatua. Msafara ukiviziwa barabarani na kuteketea kabla yeyote hajafungua kufuli la bunduki, hapakuwa na kurushiana. Umeviziwa, basi. Wanaochunguza tukio baadaye hukagua bunduki za waliopigwa na maganda yaliyoanguka kando yao, kuona kama kuna aliyejibu.