Je, wajua? Gari lilijua lilipo kabla ya GPS

Kwa miaka mingi niliamini, na nimewahi kumbishia mtu mezani bila aibu, kuwa ramani inayotembea ndani ya gari ni mtoto wa GPS: setilaiti kwanza, ramani baadaye. Sivyo. Mwaka 1985 huko California ungeweza kununua kifaa kilichoitwa Etak Navigator, ukakifunga garini, na skrini ndogo ikakuonyesha ulipo, barabara zikizunguka kila ukikata kona. GPS wakati huo haikuwa tayari. Ilitangazwa kukamilika mwaka 1995, na hadi Mei 2000 Marekani iliivuruga kwa makusudi ishara waliyopata raia, hivyo ungeweza kuonyeshwa mahali palipopotoka kwa mita 100 hivi. Mjini, mita 100 ni mtaa wa watu wengine.

Sisemi Etak ilikuwa ya kwanza. Honda walishatoa kifaa chao Japani mwaka 1981, chenye ramani za plastiki angavu ambazo dereva alizichomeka mwenyewe kwa mkono. Katika historia ya uhandisi, cheo cha "wa kwanza" kina wagombea wengi kuliko ubunge.

Aliyeibuni Etak ni Stan Honey, mhandisi aliyesoma Yale na Stanford, na baharia wa mashindano. Mwaka 1983 ndiye aliyeshika ramani na dira katika mashua ya Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa Atari, kampuni ya michezo ya video, kwenye mbio za kutoka Los Angeles hadi Hawaii. Bushnell akatoa mtaji.

Sasa, gari lilijuaje lilipo? Umeme ukikatika usiku huhitaji setilaiti kufika jikoni. Unajua umetokea kitandani, unahesabu hatua, unakumbuka umegeukia wapi. Manahodha wamefanya hesabu hiyo tangu enzi. Gari la Honey lilikuwa na dira ya kielektroniki, pamoja na vihisio vya kuhesabu mizunguko ya magurudumu mawili yasiyosukumwa na injini. Kwa nini mawili? Tazama askari wa gwaride wakikata kona: wa ndani anakanyaga karibu palepale, wa nje ananyoosha hatua. Magurudumu nayo ni hivyo hivyo. Tofauti ya mizunguko yao inaeleza gari limegeuka kiasi gani, hata pale dira inapochanganywa na vyuma vya daraja.

Shida ni kwamba kosa halifutiki, linalimbikizana. Tuseme unakosea 2 katika kila 100: ukienda kilomita 10 umeshapotea mita 200. Gizani nyumbani ungekuwa umeshajigonga kwenye kabati. Lakini ujanja wote uko hapo hapo, maana kujigonga ni taarifa. Mkono ukigusa fremu ya mlango, hesabu ya hatua unaitupa: uko mlangoni, basi. Kompyuta ya Etak iliipapasa ramani vivyo hivyo. Magari, kwa kawaida, hayapiti uani kwa watu. Kwa hiyo hesabu ikidai gari liko katikati ya vyumba vya mtu, programu inalirudisha barabarani. Ukikata kulia, inatafuta njia panda ya karibu yenye kona ya namna hiyo, kisha inajisahihisha. Ndiyo maana kona nyingi zilikuwa neema kwake, na barabara ndefu iliyonyooka ikawa mateso: hakuna cha kugusa.

Ramani zilikaa kwenye kaseti, umbo lile lile la kaseti za muziki, na Los Angeles haikuenea kwenye moja. Ukitoka eneo hili kwenda lile, unabadilisha kaseti. Hakukuwa na sauti ya kukuambia "geuka kushoto". Mwisho wa safari ulikuwa nyota inayomweka, njia ukajichagulie mwenyewe.

Jina nalo ni la baharini. Etak ni neno la manahodha wa visiwa vya Caroline, Mikronesia, ingawa wengi huandika Polynesia. Katika hesabu yao mtumbwi umetulia, nyota ziko mahali pake, na kisiwa cha pembeni wanachokitumia kupimia safari ndicho kinachorudi nyuma. Bila shaka walijua mtumbwi unakwenda. Ni namna tu ya kuhesabu. Kwenye skrini ya Honey pia gari lilikuwa pembetatu isiyobanduka, ramani ndiyo ikihama.

Kampuni ya Etak ilinunuliwa na News Corporation, kampuni ya vyombo vya habari, mwaka 1989, na Honey akajikuta kwenye televisheni. Mwaka 1998 kampuni nyingine aliyoshiriki kuianzisha, Sportvision, ilileta mstari wa manjano ambao mtazamaji wa televisheni huuona uwanjani katika mpira wa Kimarekani, kuonyesha timu inapaswa kufika wapi. Hesabu ni binamu ya ile ya gari: ujue kamera imeelekea wapi hasa, kisha upake rangi kwenye nyasi tu, usiwapake wachezaji. Watazamaji waliona kama umechorwa kwa chokaa. Wachezaji wenyewe hawauoni.